Kilo za Ndama Ni za Nani?

Ndama anapopandishwa mizani siku ya kuachishwa ziwa, namba inayosomeka si yake peke yake. Sehemu ni yake, kutokana na jeni alizopewa na baba na mama. Sehemu ni ya mama yake, aliyembeba na kumnyonyesha, na uwezo huo wa mama nao una jeni ndani yake. Sehemu ni ya nyasi, mvua, kupe na mkono wa mchungaji. Na ndama akiwa chotara kuna sehemu ya nne, ambayo hutokea mbari mbili zinapokutana na hupungua machotara wanapozalishana wenyewe kwa wenyewe. Kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kuzigawa kilo hizo kwa wenyewe, na naipenda kazi hii kuliko ninavyoweza kueleza.

Kuna jambo moja ambalo ningependa kila mwenye kundi la ng'ombe wa nyama alijue kabla hajamwita mtakwimu: urithi hukadiriwa malishoni. Kompyuta hufika mwisho kabisa, ikakuta mengi yameshaamuliwa. Imeshaamuliwa dume yupi aliwekwa na majike gani, katika uzio upi, mwaka upi, na kama kulikuwa na mtu wa kuandika tarehe.

Kundi lililonifundisha haya lilikuwa na majike wa Brahman, mbari ya ng'ombe wenye nundu, na machotara wao, waliopandwa na madume wa mbari za Ulaya: Hereford, Angus na Charolais. Sehemu nyingine ya kundi ilikwenda kinyume: majike wa Hereford na Angus wakapewa madume wa Brahman. Mwenye kundi alikuwa na swali moja tu. Alitaka kujua ni dume yupi abaki na yupi auzwe.

Nilianza na uzito wa kuzaliwa, kwa kuwa ndio unaopimwa mapema na ndio unaoua. Ndama mzito kupita kiasi huleta uzazi mgumu, na uzazi mgumu huondoka na ndama, mama, au wote wawili. Madaftari yalionyesha jambo la ajabu. Ndama wa baba Brahman na mama Hereford au Angus walikuwa wazito, na wale wa kiume walikuwa wazito mno. Pengo kati ya ndama dume na ndama jike lilikuwa kubwa kuliko nililozoea kuona. Ndama wa mama Brahman na baba wa mbari za Ulaya walikuwa wepesi, na madume na majike wao walikaribiana. Ilhali damu ni ileile, nusu kwa nusu, upande huu na ule.

Nilimwendea mchungaji mkuu, mzee aliyezalisha ng'ombe tangu ujana wake, nikamwonyesha karatasi zangu. "Mzee, hizi namba unaziamini?"

Hakuzitazama sana. "Mwanangu, wewe unahesabu damu. Muulize ndama ametoka tumboni mwa nani."

Alikuwa sahihi, na watafiti wa kusini mwa Marekani, ambako Brahman wamechanganywa na mbari za Ulaya kwa muda mrefu, wameliona jambo hilohilo kwa miongo mingi. Tumbo la jike Brahman huzuia ukuaji wa ndama anayebebwa. Lakini hadithi haiishii hapo. Viinitete vilipohamishwa na kupandikizwa kwa majike wengine, tofauti ya pande mbili za uchotara bado ilionekana, kwa hiyo tumbo peke yake halitoshi kuieleza. Zipo jeni ambazo hufanya kazi zikitoka kwa baba na kunyamaza zikitoka kwa mama, na zipo za kinyume chake. Hizo ni miongoni mwa zinazoshukiwa.

Kwa mtu anayekadiria urithi, jambo hili ni mtego mkubwa. Ukimwandika kila ndama kuwa "asilimia 50 Brahman" na kuishia hapo, mlinganyo, yaani ile hesabu inayozigawa kilo kwa wenyewe, unawaona wote sawa. Tofauti iliyopo haitoweki. Itatafuta pa kukaa, na mahali pa karibu ni kwa baba. Dume wa Brahman aliyepewa majike wa Ulaya tu ataonekana ana jeni za kuzalisha ndama wakubwa kuliko ukweli wake. Dume wa Charolais aliyepewa majike wa Brahman tu ataonekana ni wa uzazi mwepesi. Mwenye kundi alikuwa tayari kumpeleka Charolais huyo kwa mitamba wake wa Angus kwa sababu ya sifa hiyo. Nilimsihi asifanye hivyo, na nashukuru alinisikia. Wepesi ule ulikuwa wa mama Brahman, na Angus hana wa kumpa.

Tangu hapo, kila nikipanga mlinganyo wa uzito wa kuzaliwa kwa machotara wa aina hii, naandika mbari ya baba na mbari ya mama kila moja mahali pake, na nairuhusu tofauti ya jinsia ibadilike kulingana na upande wa uchotara. Hilo linahitaji jambo moja tu kutoka zizini: mama wa kila ndama ajulikane, na mbari yake iandikwe kwa sehemu zake, robo kwa robo ikibidi. Hereni ya mama ikipotea ikavishwa nyingine bila kuandikwa, hakuna hesabu itakayoirudisha.

Uzito wa kuachishwa ziwa una mengi zaidi ya kusema. Kwanza ni lazima ndama walinganishwe wakiwa na umri mmoja. Desturi iliyoenea ni kuurekebisha uzito hadi siku 205: unatoa uzito wa kuzaliwa, unagawa kwa siku alizoishi, unazidisha kwa 205, kisha unarudisha uzito wa kuzaliwa. Ndama aliyezaliwa na kilo 32 akapimwa kilo 184 akiwa na siku 190 amekuwa akiongeza kilo 0.8 kwa siku. Akirekebishwa ana kilo 196. Mwenzake aliyezaliwa na kilo 35 akapimwa kilo 200 akiwa na siku 230 anarudi kwenye kilo 182 hivi. Kwa macho, wa pili ndiye mkubwa. Kwa ukuaji, wa kwanza amemwacha mbali.

Halafu kuna umri wa mama. Mtamba wa mzao wa kwanza bado anakua mwenyewe, na maziwa yake ni machache. Beef Improvement Federation, shirikisho la Marekani lililoanzishwa mwaka 1968, lilitoa jedwali ambalo humwongezea ndama dume wa mama wa miaka miwili ratili 60, yaani takribani kilo 27. Jedwali hilo limewasaidia wengi, lakini kwa machotara wenye damu ya Brahman, ambao huchelewa kukomaa, mimi hupendelea umri wa mama uwekwe ndani ya mlinganyo ili kundi lenyewe liseme ni kilo ngapi.

Baada ya hapo ndipo panapoanza ugumu wa kweli. Jike humpa ndama wake vitu viwili: nusu ya jeni zake, na mazingira ya kukulia, hasa maziwa. Baba hutoa kimoja tu. Kwa hiyo uzito wa kuachishwa ziwa una urithi wa aina mbili, wa ndama mwenyewe kukua na wa mama kulea. Katika makundi mengi yaliyochunguzwa duniani, kiwango cha kurithika, yaani sehemu ya tofauti kati ya wanyama inayotokana na jeni, kwa upande wa ndama huwa kati ya 0.2 na 0.3, na cha upande wa mama huwa chini ya hapo, mara nyingi kati ya 0.1 na 0.2. Uzito wa kuzaliwa na uzito wa mwaka mmoja hurithika zaidi, 0.3 hadi 0.4 na pengine kupita.

Maana ya namba hizo kwa mfugaji ni hii. Ndama aliyewazidi wenzake kwa kilo 40, pale ambapo kiwango cha kurithika ni 0.25, anatarajiwa kuwa na kilo 10 tu za thamani ya jeni juu ya wenzake. Na kwa kuwa mzazi hutoa nusu, watoto wake wanatarajiwa kuwazidi wengine kwa kilo 5. Nimeona watu wakihuzunika wakisikia hivyo. Mimi sihuzuniki: kilo 5 kwa kila ndama wa dume mmoja, msimu hadi msimu, na hazitoki kwenye gunia la chakula.

Ili kuutenganisha urithi wa ndama na urithi wa mama unahitaji ukoo wenye kina. Unahitaji majike waliopimwa wenyewe walipokuwa ndama, kisha wakazaa, na ndama wao wakapimwa. Unahitaji dume mwenye ndama wake na pia wajukuu kupitia binti zake, kwa sababu jeni zake za maziwa hazionekani popote hadi binti anyonyeshe. Mahali ambapo mitamba wote hununuliwa nje kila mwaka, utenganisho huo hauwezekani hata uwe na maelfu ya rekodi. Na pale unapowezekana, mara nyingi uhusiano kati ya urithi wa kukua na urithi wa kulea hutoka hasi, kana kwamba mbegu inayokuza ndama inakausha maziwa.

Niliishi na namba hiyo hasi muda mrefu nikijaribu kujua ni ya kweli kiasi gani. Sehemu yake huenda ikawa ya kibiolojia kabisa. Mtamba aliyenyonya kupita kiasi hujaza mafuta kwenye kiwele kinachoanza kujengeka, na baadaye maziwa yake huwa machache. Hapo mama mzuri hupata binti dhaifu, na jeni hazihusiki. Sehemu nyingine hutoka kwenye namna data ilivyopangwa. Dume akitumika mwaka mmoja uliokuwa na malisho mazuri na kwa majike waliochaguliwa, ndama wake hufanana kwa sababu ambazo si jeni. Nilipoongeza kwenye mlinganyo athari ya dume ndani ya kila mwaka, ule uhasi ulipungua sana. Wengine waliofanya hivyo katika data nyingine waliona mwelekeo huohuo. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba asiwatupe madume wa ukuaji kwa kuogopa kupoteza maziwa mpaka awe ameijaribu athari hiyo.

Sasa ile sehemu ya nne, nguvu ya uchotara. Katika kundi lile kulikuwa na dume chotara wa kizazi cha kwanza, mkubwa kuliko madume wote wa rika lake, na mwenye kundi alimpenda kwa moyo wote. Nilimweleza kwamba sehemu ya ukubwa ule ilitokana na kila jozi ya jeni zake kuwa na moja ya mbari hii na moja ya mbari ile, na jozi haipiti kwenye mbegu. Inavunjwa, inapita moja moja. Chotara wa kizazi cha kwanza ana asilimia 100 ya nguvu hiyo. Ukiwazalisha wao kwa wao, watoto wana asilimia 50. Ukimrudisha kwa mbari ya mmoja wa wazazi, watoto wana 50 vilevile. Ukibadilishana mbari mbili za madume kizazi baada ya kizazi, unatulia kwenye 67 hivi. Mbari tatu, 86. Mtaalamu wa jenetiki ya mifugo G. E. Dickerson aliuweka mpangilio wa fikra hizi mwaka 1969, na mwaka huohuo kituo cha utafiti wa wanyama wa nyama cha Clay Center, Nebraska, Marekani, kilianza mradi mrefu wa kulinganisha mbari uliotupatia mengi ya tunayoyajua.

Kilichonigusa zaidi katika matokeo ya miradi ya aina hiyo ni kwamba faida kubwa ipo kwa mama. Kwa mbari za Ulaya zikichanganywa zenyewe, ndama chotara humzidi wa mbari safi kwa asilimia chache tu wakati wa kuachishwa ziwa. Lakini ukihesabu kilo za ndama zinazovunwa kwa kila jike aliyepewa dume, mama chotara mwenye ndama chotara huongeza zaidi ya asilimia 20, na zaidi ya nusu ya ongezeko hilo hutokana na uchotara wa mama: anashika mimba, anazaa ndama hai, ananyonyesha vizuri, anaishi muda mrefu. Damu ya Brahman inapokutana na ya Ulaya faida huwa kubwa zaidi. Kwa hiyo nilimwambia mwenye kundi ampende dada wa dume yule, ambaye nguvu hiyo ataitumia yeye mwenyewe akilea.

Katika kukadiria, nguvu ya uchotara hujificha. Tuseme majike wote ni Brahman na madume ni Brahman na Hereford. Ndama wa Hereford wakizidi, umezidi uzuri wa jeni za Hereford au umezidi uchotara? Vyote viwili vimo katika tofauti ileile na haviachani. Vitaachana ukiwa na ndama waliorudishwa kwa mbari ya mzazi, au Hereford safi waliokulia kwenye malisho hayohayo. Niliomba wazalishwe wachache wa mbari safi kila mwaka, jambo ambalo mfanyabiashara yeyote ataliona ni hasara, na ndio waliofungua hesabu nzima.

Hapo ndipo panapokuja rika, neno ambalo siachi kulirudia nikikaa na wafugaji. Rika moja ni ndama waliozaliwa msimu mmoja, jinsia moja, malisho mamoja, chini ya mkono mmoja, wakapimwa siku moja. Urithi hupimwa kwa kuwalinganisha ndama ndani ya rika. Rika lenye ndama wa dume mmoja halisemi lolote kuhusu dume huyo, kwa sababu hana wa kulinganishwa naye. Uzio mmoja dume mmoja ni mpango rahisi kwa mchungaji, na ndio unaoharibu data nyingi kuliko mizani mbovu. Dawa yake ni madume wa kuunganisha: mbegu za madume wachache zitumike kwa uhimilishaji katika kila uzio na kila mwaka, ili wengine wote walinganishwe kupitia wao.

Hesabu yenyewe nitaipitia haraka. Imejengwa na wataalamu wa takwimu na jenetiki: R. A. Fisher mwaka 1918 alionyesha jinsi mtawanyiko wa sifa, yaani kiasi wanyama wanavyotofautiana, unavyoweza kugawanywa, Sewall Wright mwaka 1922 akatupatia kipimo cha undugu, Charles Henderson akajenga milinganyo inayokadiria thamani ya kila mnyama kupitia ndugu zake wote kwa pamoja, na mwaka 1976 akaonyesha njia nyepesi ya kugeuza kihesabu jedwali la undugu la wanyama wengi, ambalo lingezishinda kompyuta za wakati wake. Njia ya Patterson na Thompson ya mwaka 1971 ndiyo tunayoitegemea bado kukadiria mtawanyiko. Programu zipo na zinafanya kazi vizuri.

Vipimo vya jeni vimenisaidia kwanza mahali ambapo sikutarajia: kumjua baba. Madume kadhaa wakiwekwa uzio mmoja, au mmoja akiruka uzio usiku, ndama huandikwa baba asiye wake. Makosa ya aina hiyo huwafanya ndugu waonekane hawafanani, na kiwango cha kurithika hushuka chini ya ukweli. Baada ya kupima, makadirio yalipanda bila mimi kubadilisha chochote kwenye mlinganyo.

Upande wa kutabiri, wazo la Meuwissen, Hayes na Goddard la mwaka 2001 la kutumia kwa mara moja alama nyingi za jeni, yaani sehemu za DNA zinazopimika kirahisi, limebadilisha ufugaji wa maziwa kwa kasi kubwa. Kwa machotara wa nyama kazi ni ngumu zaidi. Alama iliyo jirani na jeni fulani kwa Angus inaweza kuwa mbali nayo kwa Brahman, na utabiri uliofunzwa kwa mbari moja hudhoofika kwa nyingine. Zipo jeni chache zenye nguvu inayojulikana, kama PLAG1 kwenye kromosomu ya 14, inayohusika na kimo na uzito, na ile ya miostatini, ambayo kuvunjika kwake huwapa Belgian Blue misuli ile mikubwa. Lakini ukuaji kwa sehemu kubwa hubebwa na jeni nyingi sana, kila moja kwa kiasi kidogo, kwa hiyo bado tunahitaji ndama wengi waliopimwa, wa uchotara uleule tunaotaka kuutabiri.

Nilipomaliza duru ya kwanza nilichambua uzito wa kuzaliwa, wa kuachishwa ziwa na wa mwaka kwa pamoja. Hizi sifa zinakwenda bega kwa bega: ukichagua wazito wa mwaka bila kuangalia nyuma, unapandisha na uzito wa kuzaliwa. Kuzichambua pamoja kunasaidia pia kwa sababu ndama dhaifu huuzwa au hufa kabla ya mwaka, na mlinganyo unaoona uzito wa mwaka tu hudhani waliobaki ndio kundi zima. Katika orodha ile kulikuwa na dume mmoja wa Hereford ambaye ndama wake huzaliwa wa wastani na hukua haraka baadaye, katika marika mengi na kwa mama wa mbari zote. Hakuwa mzito kuliko wote, na siku ya kumtazama uwanjani mwenye kundi alisita. Alibakishwa. Binti zake wa kwanza wako kwenye mimba sasa. Thamani yake ya maziwa kwenye jedwali bado inatokana na ndugu wa upande wa mama yake, na usahihi wake ni mdogo mpaka ndama wa binti hao wapimwe.